Mtungi Unaovuja

Padri Simeoni hakutaka rangi ya mafuta.
"Kijitabu ni cha watoto," alisema, "na mafuta yananuka gereji."
Akaniachia karatasi nene kumi na moja,
brashi tatu, kisanduku cha rangi ndogo kama peremende,
na jina: Musa Mweusi, mtakatifu wa jangwani.

Miaka ishirini na sita nimechora ng'ombe kwenye kuta za bucha,
kutoka Kawangware hadi Dagoretti,
ng'ombe wanaocheka huku mapaja yao yananing'inia dirishani.
Mafuta ni rafiki wa mkosaji:
ukikosea pembe, unapaka juu yake, safari inaendelea.
Rangi ya maji haina subira hiyo.
Kilicho chini kinabaki chini, kinakutazama.
Na nyeupe huipaki. Nyeupe unaiacha.
Mwanga wote wa picha
ni mahali mkono wako ulipojizuia.

Wiki hiyo mifereji ya Riruta ilikohoa hewa tu.
Kilungya alileta maji kwa mkokoteni,
mtungi wa lita ishirini, shilingi hamsini,
tundu lake limezibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia.
Nikagawa: kikombe cha chai, kikombe cha Musa.

Nilianza na Mto Nili.
Musa bado jambazi, anaogelea usiku, kisu mdomoni,
anamfuata mchungaji ambaye mbwa wake alimbwekea.
Samawati ilikubali upesi.
Kisu nilikiacha karatasi tupu, king'ae.
Watoto watakipenda kisu, nilijua.

Kisha Musa mtawa: amewafunga kamba wezi wanne,
amewabeba mgongoni kama magunia ya makaa
hadi mlangoni pa kanisa. "Niwafanye nini hawa?"
Hapo brashi ilisimama.
Sikuwa na uso.
Nilichanganya udongo, zambarau,
tone la kahawa niliyokuwa nikinywa,
na uso uliotoka
niliufahamu.

Kijana wa pale karibu na kituo cha petroli,
mwaka ule wa mvua nyingi,
simu moja na nusu mkate ndani ya shati lake.
Hakuna aliyeuliza, tumfanye nini huyu.
Mimi nilishuka kwenye ngazi, brashi sikioni, nione.
Sikurusha. Hilo nimejiambia miaka tisa.
Mtu mmoja tu alisema, "Nipe hilo,"
akionyesha karibu na mguu wangu.
Niliporudi kazini ngazi iliyumba,
haikuwa tena na jiwe la kuizuia.

Nilijaribu kumfuta kwa sifongo.
Akafifia, hakuondoka.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuijua karatasi. Karatasi huzoa,
huzoa na kuweka.

Picha ya mtungi niliichora mwisho, stima zimepotea, kwa mshumaa.
Ndugu mmoja amekosa, wazee wameketi kumhukumu,
na Musa anaingia, mtungi mgongoni, unavuja:
dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu, sizioni,
nami leo nimeitwa kupima za mwenzangu.
Maji yale sikuyachora.
Niliinamisha ubao, nikaliacha tone lishuke lenyewe.
Lilipita kwenye joho, likapita kwenye kisigino,
likaenda hadi ukingoni, likadondokea kiatu changu.

Padri alizitazama zote bila miwani, kisha kwa miwani.
"Mbona mtakatifu ana uso wa kitoto?
Vitabu vinasema alikuwa pande la mtu."
"Ndivyo rangi ilivyotaka," nikasema.
Nikausikia na uongo huo ukidondoka.

Asubuhi Kilungya aligonga.
Sabuni ilikuwa imelainika,
na nyuma ya mkokoteni, kutoka kwenye lami hadi mlangoni pangu,
mstari mwembamba mweusi vumbini.
"Mtungi wako unavuja," nilimwambia.
"Najua, mzee," akasema, akiuinua.
"Ndiyo maana natembea haraka."